Ndoa Yataka Masikio

Hivi majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Likoni, alinijia ofisini na habari njema: anaolewa. Aliniomba niwe mmoja wa mashahidi wawili, nami nikakubali kabla hajamaliza kusema. Ndipo aliponieleza kwamba ndoa haitafungwa kanisani wala nyumbani kwao, bali kando ya maporomoko ya Sheldrick, katika hifadhi ya Shimba Hills, Kwale. Waalikwa ni kumi na wawili. Nyanya yake, aliyemlea tangu utotoni, hatakuwamo, kwa sababu magoti hayamruhusu.

Simlaumu mtu kwa kupenda mahali pazuri. Kutoka kivuko cha Likoni hadi Kwale ni safari ya kilomita 30 hivi. Ukishaingia hifadhini, unateremka kwa miguu kama kilomita 2, ukiongozwa na askari wa wanyamapori, maana msitu ule una wenyewe, nao ni ndovu. Maji huanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita 20. Uzuri wake hauna mjadala. Lakini aliyeteremka sharti apande, na mlima haumwonei huruma mzee.

Wako watakaodai kwamba kuoana nje ya nyumba ni kuiga Wazungu. Hao wamesahau walikotoka. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tangu lini arusi zetu zikatosha ndani? Turubai hufungwa njiani, magari yakatafuta pa kupitia. Masufuria ya pilau hutelekwa uani. Vugo likapigwa na vigelegele vikasikika mtaa wa pili. Uwanja wazi, basi, si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kutafuta uwanja ambao jirani hawezi kuufikia.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha kutenganisha mambo mawili. Neno ‘ndoa’ limetokana na kitenzi ‘kuoa’, ilhali ‘arusi’ tumelipokea kutoka Kiarabu. Arusi huisha jioni, viti vikarudishwa kwa mwenyewe. Ndoa ndiyo inayobaki. Na ndoa hujengwa kwa nini? Kwa maneno. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo kuyatamka ni kutenda, na kiapo cha ndoa kilikuwa miongoni mwa mifano yake. Anayekubali mbele ya wanaostahili haelezi ndoa, anaifunga.

Kwa hiyo maneno hayo yataka masikio. Katika nikahi ya Kiislamu hutakiwa mashahidi wawili wasikie kuozwa na kukubali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, inayotambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, nayo inawataka mashahidi wawili katika ndoa ya kiserikali. Sasa mimi nitashuhudia nini iwapo ngurumo ya maji imemeza sauti ya bwana na bibi arusi?

Nilipomweleza hayo, alinijibu kwa upole: “Mwalimu, wewe huijui kamati ya arusi. Tukifanya Likoni tutalisha watu mia nne, na tutaanza maisha na deni.” Hoja hiyo ni nzito, na sisi wazee tusiidharau. Vijana wengi hawakimbilii maporomoko kwa ajili ya mandhari. Wanakimbia michango, na maneno ya watu ambao hawakuchanga lakini wanahesabu vipande vya nyama. Tumeigeuza sherehe kuwa mzigo, kisha twashangaa mbebaji akiutua.

Hata hivyo, dawa ya gharama ni kupunguza pilau, si kupunguza nyanya. Wahenga walisema shughuli ni watu. Hawakusema shughuli ni chakula. Siku ndoa itakapoyumba, na zipo siku hizo, maji ya Sheldrick hayatabisha hodi kuwapatanisha. Atakayebisha hodi ni mzee aliyesikia kiapo kwa masikio yake, mwenye haki ya kuuliza: mlisemaje siku ile?

Nimemwomba mwanafunzi wangu jambo moja tu. Kiapo kitamkwe uani kwa nyanya yake, asubuhi, kwa chai na mahamri, majirani wakiwa wamesimama ukutani. Kisha waende Kwale na rafiki zao, wapige picha mpaka jua litue. Jibu lake sijalipata. Nikilipata, lolote liwe, nitakwenda, kwa kuwa nimeahidi, na ahadi nayo ni neno. Lakini ningependa niketi karibu na yule mzee, sote wawili tusikie.