Mhamiaji alipouzwa jukwaani kama roboti

Duka moja California linauza Wamexico. Muuzaji akitoa ishara ya kidole, mashine inaanza kazi.

Hayo yamo kwenye Los Vendidos, mchezo mfupi wa jukwaani wa Luis Valdez wa mwaka 1967. Mteja ni katibu kutoka ofisi ya gavana wa wakati huo, Ronald Reagan. Anaoneshwa roboti wa shambani: anachuma zabibu chapchap, chakula chake ni cha bei rahisi, na msimu ukiisha anarudi Mexico mwenyewe. Kasoro yake? Eti hajui Kiingereza.

Mwishoni siri inafichuka. Kumbe “mashine” zote ni watu, roboti ni muuzaji.

Utani huo ulikuwa na mizizi. Kundi la Valdez, El Teatro Campesino, lilizaliwa mwaka 1965 kwenye mgomo wa wachuma zabibu wa Delano. Mwaka mmoja kabla, Marekani ilifunga mpango wa Bracero, ulioleta vibarua wa Mexico tangu 1942 kwa mikataba zaidi ya milioni 4. Mikono ilitakiwa, mwenye mikono hapana.

Na leo? Viza ya H-2A bado inamfunga kibarua wa shambani kwa mwajiri aliyemwombea. Akinyanyaswa akaacha kazi, anaweza kupoteza kibali cha kukaa nchini. Wenye ndugu wanaofanya kazi Ghuba chini ya kafala wanaijua hofu hiyo.

Roboti halalamiki. Sheria kama hizi zinamtaka binadamu naye anyamaze.