Vita vya Wengine na Mshahara Wetu



Twasikia vijana wakibishana kazini kama siku moja watu wataandikwa jeshini kwa lazima. Hapa Kenya jeshi ni la hiari, na siku ya kuandikisha askari viwanja hujaa vijana wengi kuliko nafasi zilizopo. Hofu yetu si hiyo. Hofu yetu ni nchi za mbali zilizopungukiwa na askari, ambazo sasa zawatafuta katika nyumba zetu.

Jambo la kuandika watu kwa lazima ni jambo la mshahara. Wazee wetu waliliona. Vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza walihitaji wapagazi wa kubeba chakula na risasi, kwa kuwa porini wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Mwanzoni mpagazi alilipwa zaidi ya kibarua wa shamba. Masetla wakalalamika kwamba watakosa vibarua, na mshahara ukashushwa. Watu walipokataa kwenda kwa fedha hizo kidogo, sheria ya mwaka 1915 ikaruhusu wachukuliwe kwa nguvu. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kuwakusanya, na kwa miezi michache tu wakachukuliwa zaidi ya 100,000. Waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na unga usioiva. Anayepita Kariokor, Nairobi, apita mahali palipopewa jina na jeshi hilo la wapagazi.

Na mishahara ya wafu je? Wengi waliandikwa vibaya, jamaa zao hawakupatikana, na fedha zikabaki bila mwenyewe. Zilipoombwa zitumiwe kwa faida ya Waafrika, Serikali ya Uingereza ilikataa. Mwaka 2021 iliomba radhi bungeni kwa kutowakumbuka wafu hao kwa majina. Radhi tumeisikia, mshahara hatujauona.

Sasa tutazame vita vya Urusi na Ukraine. Septemba 2022 Urusi iliita watu 300,000 kwa lazima, na wanaume wengi mno wakakimbia nchi. Aprili 2024 Ukraine nayo ilishusha umri wa kuitwa kutoka miaka 27 hadi 25. Mwito wa lazima huwachukiza raia, kwa hiyo Urusi imeona afadhali kununua watu, hata wageni. Novemba 2025 serikali yetu ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamo katika jeshi la Urusi. Baadhi ya waliorudi walieleza kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, wakatiwa kalamu mkononi watie sahihi karatasi za Kirusi wasizoweza kusoma.

Wako watakaosema kwamba wengine walijua waendako. Ni kweli, wengine walijua. Lakini kijana aliyekaa miaka mitatu bila kazi, akaonyeshwa mshahara wa mwezi mmoja uliozidi wa baba yake kwa mwaka, tusimwite mtu wa hiari kwa haraka hivyo. Sheria yetu ya jinai yakataza raia kuingia jeshi la kigeni bila idhini ya Rais. Twaomba ukali wa sheria hiyo uanze kwa mawakala waliokula fedha, si kwa kijana aliyerudi na mguu mmoja.

Mwanachama mwenye mtoto au ndugu aliyeahidiwa kazi ng'ambo aulize kwanza kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mkataba usiotafsiriwa usitiwe sahihi, na nakala ibaki nyumbani pamoja na jina la wakala na namba ya pasipoti. Asiyeelewa karatasi zake azilete kwa katibu wa tawi jioni baada ya kazi, kabla ya tikiti kukatwa. Hakuna malipo.