Mguu Mtupu na Chuma Kitupu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na likizo. Leo tunataka kuzungumza juu ya pedali za baiskeli. Wako watakaocheka. Waacheni wacheke kwanza, halafu wavue viatu, kama wanavyo, watazame chini ya unyayo pale katikati, waone kama hakuna sugu au kovu lililoachwa na chuma cha pedali.

Mtu akisimama Biwi alfajiri, kabla jua halijatoka, ataona jeshi zima la baiskeli likipita. Wengine wanatoka Kawale, wengine Mchesi, wengine Chilinde. Wako wanaokwenda Kanengo kwenye viwanda na kwenye mnada wa tumbaku, mwendo wa zaidi ya kilomita 10, na jioni warudi. Wako vijana wa kabaza waliobeba abiria kwenye keria. Wako waliobeba magunia ya mahindi, mkaa, mbao, na hata milango. Sasa usitazame mzigo, tazama miguu. Wengi wanakanyaga kwa miguu mitupu, na chini ya miguu hiyo pedali nyingi si pedali tena. Mpira umekwisha, fremu imeanguka, umebaki ule mtaimbo mwembamba wa katikati, chuma kitupu kinachozunguka chini ya unyayo mtupu.

Tunataka tuseme wazi jambo moja ambalo wakubwa wa usalama kazini hawapendi kulisikia: kupanda baiskeli kwa mguu mtupu si ujinga wala si aibu. Mfanyakazi ana sababu zake. Kandambili ikilowa huteleza kwenye pedali kama sabuni, na ikichomoka inaweza kuingia kwenye mnyororo ukaanguka mbele ya lori. Buti la mpira ni zito, na halimruhusu mtu kuhisi pedali iko wapi. Tena wengi wetu tuna jozi moja tu ya viatu, nayo tunaifunga kwenye keria ili tuivae tukifika getini, kwa sababu mlinzi hamruhusu mtu kuingia peku. Mguu mtupu hushika vizuri. Kwa hiyo anayetuambia "vaeni viatu" na kuondoka zake hajatusaidia kitu. Mguu hauna kosa. Kosa liko kwenye pedali, na pedali inaweza kuchaguliwa.

Basi tuzizungumze. Pedali iliyo bora kwa mguu mtupu ni ile ya zamani ya baiskeli nzito, yenye vipande viwili vya mpira mnene, kimoja mbele na kimoja nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuja na Humber za baba zetu, na bado inatengenezwa India na China. Ukinunua, usitazame rangi. Bonyeza mpira kwa kidole gumba: uwe mgumu kidogo lakini uingie. Pitisha kiganja chako chote juu yake, pande zote mbili, polepole. Kitakachokwaruza kiganja kitachana unyayo. Tazama zile nati zinazoshika mpira kule pembeni. Ncha zake zisitokeze nje, maana hapo ndipo kidole kidogo cha mguu hugonga. Zungusha: izunguke laini, isilie, isiyumbe. Na hakikisha kile kifuniko cha mwisho kipo, kwani kikipotea vumbi huingia kwenye gololi, grisi hukauka, na pedali huanza kukwama. Pedali iliyokwama humlazimisha mtu kusugua unyayo kwenye chuma kila mzunguko, na kutoka Biwi mpaka Kanengo ni mizunguko maelfu.

Pedali za chuma zenye meno, zile zinazokuja na baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, ni mbaya kabisa kwetu. Meno yale yaliwekwa kwa ajili ya kushika soli ya kiatu. Mguu wa binadamu si soli. Zipo nyingine zina misumari midogo iliyosimama, na nyingine ni kibonge tu cha chuma ambacho mwenyewe wa kwanza alikuwa akikifungia kiatu maalumu. Ukiuziwa baiskeli ya namna hiyo, mwombe muuzaji akubadilishie pedali hapo hapo, au akupunguzie bei.

Za plastiki ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Zinafaa kwa muda. Lakini jua huzikausha, zinapasuka, na plastiki iliyopasuka hukata kama wembe. Ukiona ufa, usingoje mwisho wa mwezi.

Tunajua mtajibu: pesa ziko wapi? Ni swali la haki. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, ikashushwa tena kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, na kila kinachotoka nje, hata nati, kikapanda bei wakati mshahara umekaa palepale. Basi kwa asiyeweza kununua, mafundi wetu wana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni mbao. Vipande viwili vya mbao ngumu, vilivyopigwa randa na msasa, hufungwa kwa bolti kwenye fremu ya pedali, vichwa vya bolti vikizamishwa ndani ya mbao visiguse mguu. Mbao haichomi wakati wa jua la Oktoba wala haiumi kwa baridi ya Juni. Njia ya pili ni kipande cha tairi la gari, kama kile cha makatambuga. Hapo tahadhari! Matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani. Fundi akilikata, nyaya hutokeza nyembamba kama nywele, na baada ya wiki mbili zinaanza kuchoma. Dai tairi la nyuzi. Fundi mwema analijua. Akikuambia yote ni sawa, tafuta mwingine.

Kufunga pedali kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kama wengi wanavyofanya, ni bora kuliko chuma kitupu, lakini ufunguliwe kila wiki uoshwe, maana hukusanya mchanga na maji.

Na neno moja kwa mafundi, ambao nao ni wafanyakazi wenzetu. Pedali ya kushoto uzi wake umegeuzwa. Kuifungua unazungusha upande ule ambao nati nyingine hukazwa. Kijana asiyejua hili huilazimisha kwa spana na nyundo, uzi unakwisha, halafu pedali inachomelewa moja kwa moja kwenye mkono wake. Tangu hapo haiwezi kubadilishwa tena, na lile donge la kuchomelea linabaki na ncha. Pedali nyingi za namna hiyo tumeziona, na karibu zote ni za kushoto.

Sasa tuje kwenye afya, kwa maana hapa pana maneno mengi. Tunasikia kwamba ubaridi wa chuma hupanda kwenye nyayo ukaingia mgongoni. Tunasikia kwamba kukanyaga peku huharibu magoti. Magoti yanaumia, ni kweli, lakini mara nyingi ni kwa sababu kiti kimeshushwa mno na mtu anapanda kama chura. Pandisha kiti, hadi mguu ukishuka chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Maumivu ya katikati ya unyayo nayo ni ya kweli, na yanatokana na kukanyagia pale kwenye upinde wa mguu juu ya chuma chembamba. Kanyaga kwa ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole. Ukiona huwezi kwa sababu inauma, hiyo ndiyo dalili kwamba pedali yako imekwisha.

Lakini kinachotutia hofu hasa ni pepopunda. Watu husema inatokana na kutu. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo, kwenye vumbi la barabarani, kwenye samadi. Chuma kilichovunjika hutoboa tundu dogo lenye kina, huingiza uchafu huo ndani, ngozi hujifunga juu, na vijidudu hustawi mahali pasipo na hewa. Jeraha linaweza kuonekana si kitu. Baada ya siku kadhaa, aghalabu kati ya 3 na 21, taya linaanza kukaza, shingo inakakamaa, mwili unapinda. Ugonjwa huu unaua hata hospitalini.

Na kinga yake ipo! Ni sindano. Watoto wetu wanapewa kliniki, wanawake wanapewa wakiwa wajawazito. Anayesahauliwa ni mwanamume mtu mzima, yule yule anayekanyaga chuma kila siku. Ukiulizwa ulichomwa lini sindano ya mwisho ya pepopunda, utajibu nini? Ukiumia, osha kwa maji mengi safi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Tafadhali, usitie oili chafu, wala petroli, wala majivu, wala unga wa tumbaku. Tumeona yote hayo yakitiwa.

Wenzetu wa mashambani wana hatari zaidi. Anayevuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande anaingiwa na sumu ya nikotini kupitia ngozi. Anatapika, kichwa kinazunguka, na halafu anapanda baiskeli kurudi nyumbani akiwa katika hali hiyo. Anayekanyaga udongo mchafu wenye unyevu anaweza kupata minyoo ya safura, inayoingia kwa kutoboa ngozi ya mguu na kumnyonya damu. Pedali haileti safura, lakini mguu ni ule ule. Na mwenye kisukari, au aliyewahi kuugua ukoma, ambaye mguu wake umekufa ganzi, huyo tunamwomba asipande peku hata kama pedali ni mpya. Ataumia asijue.

Sasa nani alipe? Hapa ndipo tunapogombana na waajiri. Tunamjua mwenzetu mmoja, kibarua wa ganyu katika ghala moja la tumbaku, ambaye mtaimbo wa pedali ulimtoboa mguu akienda kazini. Mguu ulivimba, akakaa nyumbani wiki tano. Msimamizi alisema jeraha limetokea nje ya geti, kwa hiyo si shauri la kampuni. Aliporudi, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Twauliza: je, kampuni haikuijua safari ile? Kazi inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli ya basi dogo kwenda na kurudi ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku, na nje ya geti mwajiri mwenyewe amejenga banda la kuegeshea baiskeli. Anajua vizuri tunafikaje.

Sheria ya usalama, afya na ustawi kazini ya mwaka 1997 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi mahali pa kazi. Sisi tunadai aende mbele kidogo ya hapo. Tunadai sindano ya pepopunda kwa kila mfanyakazi, wa kudumu na wa ganyu, itolewe palepale kazini kwa mpango na idara ya afya. Tunadai mkopo mdogo wa vipuri, ukatwe kidogo kidogo bila riba. Tunadai mabomba ya maji na sabuni getini. Kampuni inayoweza kulipia grisi ya mashine zake inaweza kulipia haya.

Hatuwezi kumaliza bila kuwataja ndugu zetu wa Dzaleka. Kambi ile, iliyokuwa gereza zamani, imepokea wakimbizi tangu 1994, na leo ina watu zaidi ya 50,000 mahali palipopangiwa kama 12,000. Wa Kivu huita baiskeli kinga, Warundi huita ikinga, wenyeji wetu husema njinga. Ni neno moja, na pedali zilizokwisha ni zile zile. Lakini wao hawaruhusiwi kutafuta kazi mjini kama wengine, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini kwa nguvu wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Anayeteleza kuja Biwi kutafuta riziki akiumia barabarani huogopa kwenda hospitali ya mjini, asije akaulizwa karatasi. Anafunga kitambaa, anarudi zaidi ya kilomita 40 na jeraha lake. Wako wenyeji wanaosema hao si shauri la chama. Sisi hatukubali. Mwajiri anayempata mtu mwenye hofu wa kumlipa nusu hatamlipa mwenyeji ujira kamili.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe aje na baiskeli yake. Tutazigeuza pale nje, tutazame pedali moja moja kabla ya kikao kufunguliwa. Fundi mmoja wa Biwi amekubali kuleta spana namba 15, grisi, na vipande vya tairi la nyuzi. Mbao tutazitafuta wenyewe. Tumemwomba pia mhudumu wa afya aje aandikishe majina ya wanaohitaji sindano, kwa hiyo msiwaache nyumbani vibarua wa ganyu.