Mpui wasisubiri ugomvi wa malisho

Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu, Mbarali. Familia zilizozoea kufuata maji na majani zililazimika kwenda mbali, nyingine hadi mkoani Lindi.

Wakulima wa Mpui wasidhani hilo haliwahusu. Maksai wanaolima mahindi Ufipa nao hula majani, na kila shamba jipya linapunguza malisho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano wa kijiji uwezo wa kuidhinisha mgawanyo wa ardhi. Tunashauri malisho na njia za mifugo vitengwe sasa, wafugaji wakiwa kikaoni. Ng'ombe akishaingia shambani, kikao hugeuka kesi, na kesi haimnufaishi mkulima wala mfugaji.