Baada ya Duma, ngurumo haijapoa

Duma, kundi la metali la Nairobi, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sam Karugu alishika gitaa na mitambo, Martin Khanja akapiga mayowe. Ilikuwa kazi ya kutisha, na nzuri mno.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alirudi bila mwenzake, akaleta albamu ya The Adept, akimuenzi Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Wasanii waalikwa ni wengi, na mahali pengine wanamzonga. Lakini sauti yake, inayoshuka kutoka kilio hadi mkoromo, imekomaa. Kati ya albamu hizo mbili, hii ndiyo bora zaidi.

Mtu wa Buigiri, Ugogoni, aliyezoea muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, hatashtushwa na kishindo hicho. Aisikilize kwa spika kubwa.