Seva za .cd: “inafanya kazi, usiiguse” haitoshi

Mkaaji wa Nyangwe, kule ukingoni mwa Lualaba katika eneo la Kasongo, akiandika kwenye simu anwani inayoishia na .cd, simu haijui tovuti hiyo iko wapi. Inauliza seva ya majina, nayo inajibu kwa namba. Ni sawa na mgeni anayefika sokoni akiulizia nyumba ya fulani: anayemjibu akiwa mwongo, mgeni atapiga hodi kwa mwizi.

Nchi yetu ilishaponea chupuchupu. Mwishoni mwa 2020, jina scpt-network.com, lililobeba moja ya seva za .cd, liliisha muda bila kuongezwa, likarudi kuuzwa. Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama kutoka Sweden, alilinunua kabla wahalifu hawajalifikia, kisha akawaarifu wahusika. Kwa hesabu yake, angeweza kushika nusu ya maulizo yote ya .cd. Nusu ya nchi, kwa bei ya jina moja!

Hapo kosa halikuwa la programu. Lakini ugonjwa ni ule ule: kitu kinafanya kazi, basi hakuna anayekitazama.

Tuchukue BIND, programu ya seva za majina inayotumika sana duniani. Fundi anayeogopa kuibadilisha ana sababu. Umeme unakatika, megabaiti ni ghali, na toleo jipya linaweza kukataa kuwaka: 9.20, iliyotoka Julai 2024, imeondoa mipangilio kadhaa ya zamani, kama auto-dnssec. Ukiiacha kwenye faili, seva haianzi, na lawama zote ni zako.

Hata hivyo, kubaki nyuma ni hatari zaidi. Februari 2024 ulitangazwa udhaifu ulioitwa KeyTrap, unaoweza kuilemea seva inayohakiki sahihi za DNSSEC kwa jibu moja la hila. Wenye 9.16 walipata dawa katika 9.16.48. Aprili mwaka huo huo, msaada wa 9.16 ukafungwa. Matundu yaliyogunduliwa baadaye hayazibwi tena, na wahalifu wanasoma matangazo hayo hayo tunayosoma sisi.

Hatusemi kila mtu akimbilie namba kubwa kuliko zote. 9.19 na 9.21 ni za majaribio, 9.18 na 9.20 zilitengenezwa kwa kazi. Fundi achague tawi la kazi ambalo bado linahudumiwa, ahifadhi nakala ya faili, aipime kwa named-checkconf, aanze na seva ya pili, aiangalie kwa wiki moja, ndipo aguse ile kuu.

Wanaosimamia .cd, kampuni za intaneti na ofisi za majimbo, Maniema ikiwemo, watuambie jambo moja: nani kwao ana kazi hiyo, kwa jina na kwa mshahara? Programu yenyewe ni ya bure, na kuipakua kunakula megabaiti chache kuliko video moja ya harusi kwenye WhatsApp.