Sukari Si ya Ukoo Peke Yake

Tukizungumza barazani kuhusu ugonjwa wa sukari, hatukawii kusema "ni wa ukoo". Baba alikuwa nao, shangazi alikatwa mguu, basi nasi twangoja zamu. Ukoo una mchango wake, sikatai. Lakini naona neno hilo limekuwa pazia la kufichia mambo mawili: sinia zetu na barabara zetu.

Tuanze na sinia. Asubuhi mahamri na chai ya vijiko vitatu, mchana wali wa nazi, jioni viazi karai na soda. Hamri, wali na kiazi vyote huishia kuwa sukari kwenye damu. Insulini ndiyo huifungulia mlango iingie kwenye misuli. Mafuta yakijaa tumboni, mlango huwa mzito na sukari hubaki ikizunguka. Soda ya nusu lita pekee ina takriban gramu 50 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe kiasi hicho kwa siku nzima, na akiweza asizidi gramu 25.

Wazee wetu nao walikula wali wa nazi, lakini walitembea, na misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Sisi kutoka Kibokoni hadi Marikiti twapanda tuktuk.

Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huu. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzani wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, asilimia 31. Miguu ilishinda vidonge.

Sasa, tutembee wapi? Daktari amwambia mama atembee nusu saa kila siku. Akitoka nje, njia ya miguu imejaa vibanda na bodaboda, na magharibi ikiingia taa haziwaki. Nenda Mama Ngina jioni uone umati; watu wetu si wavivu wakipata pahali. Lakini mkaazi wa Kisauni au Mikindani apande matatu ndipo aende kutembea?

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mjadala wetu wote ni nani atalipia matibabu. Ni mjadala wa haki, mgonjwa hawezi kungoja. Ila tumesahau kwamba Katiba ya 2010 iliipa kaunti hospitali, na ikaipa pia barabara za mitaa, taa, bustani na viwanja vya michezo. Anayenunua dawa ndiye mwenye ufunguo wa uwanja. Akiuacha uwanja unyakuliwe leo, atalipa kwa dawa na mashine za figo kesho.

Kwa hivyo ndugu zangu, tupunguze kijiko, tuongeze mbaazi na mboga, wali uwe nusu ya tuliozoea. Anayetumia dawa asiache bila ya kumwona daktari. Na mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, kabla ya kupokea leso, tumuulize: uwanja wetu uko wapi?